Nishani ya Consolatha na Bega la Piusi

Wasomi wamejaa uani hapa, wengine na miwani, lakini familia imeona historia hii isomwe na Odeta, mama mkubwa wa marehemu, mwanamke wa darasa la pili na magoti mabovu, basi akikwama kwenye neno mtasubiri, kwani hata chakula hakijaiva.

Dokta Consolatha Irambona alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Mugoma, mtoto wa tatu kwao, na wa kwanza kurudi nyumbani na chura mfukoni. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Bukoba, kisha chuo kikuu Morogoro, alikohitimu mwaka 1986 masomo ya wanyamapori, jambo lililowashangaza waliodhani mnyama husomwa akiwa sufuriani.

Mwaka 1987 aliajiriwa serikalini, akapangiwa Biharamulo, akawa mtu wa kwanza huku kwetu kumchunguza nzohe, yule swala wa kwenye mafunjo, ambaye akiona mtu huzama majini akabakiza pua. Consolatha naye alizama, miaka thelathini na zaidi, akirudi nyumbani ananuka kuliko mnyama mwenyewe.

Tarehe 9 Juni 1990 alifunga ndoa na Mwalimu Habonimana, mwanamume asiyechoka kufua matope, wakajaliwa Claudia, Joan na Nshoma.

Ila ndoa huja na mashemeji. Piusi, mdogo wake Habonimana, alitega nzohe kwa nyaya, na mwaka 1998 Consolatha aling'oa mitego yote, akamfikisha mbele ya wazee, akatozwa pombe ya ndizi. Piusi, midomo ingali na povu la faini yake mwenyewe, akatamka mbele ya watu: "Siku serikali itakapompa huyu nishani kwa kulala matopeni, nitambeba begani toka stendi ya Ngara mpaka Mugoma."

Mwaka 2023 serikali ilimwita Dodoma, ikamvika nishani ya uhifadhi. Aliivaa mara moja tu tangu hapo, siku aliyokwenda kwa Piusi. Piusi akasema bega linauma, akaleta mbuzi, akaongeza na kreti ya soda, Consolatha akanywa soda, akamrudisha mbuzi, akasema: "Deni la bega, shemeji, halilipwi kwa mbuzi."

Agosti 2024 alianza kuugua figo, akatibiwa Ngara, kisha Mwanza, alikofariki tarehe 11 Februari 2025, nzohe wakiwa bado wanazaliana kule kwenye mafunjo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mugoma waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa Biharamulo, waliokuja leo na viatu safi kwa mara ya kwanza.

Piusi naye asijifiche nyuma ya mgomba, anaonekana. Familia imemfupishia safari, ni toka uani hapa mpaka pale juu kaburini, ila atabeba jeneza mbele, kwa bega lile lile, na hapokewi na mtu.

Lala salama, Consolatha, mbebaji wako amepatikana.