Ukishafungua Skrubu Zote Mbili

Mheshimiwa Mlezi wa jukwaa letu la mtandaoni la wapenda cherehani kuukuu. Ndugu Mwenyekiti wa shughuli hii. Dada yetu mtaalamu wa programu, uliyekaa mstari wa mbele na kompyuta yako wazi, nami nakuomba usiifunge mpaka nimalize. Wanachama wa zamani na wanachama wapya. Na nyinyi wake na waume wa wanachama, mlioletwa hapa bila kupenda: habari za mchana.

Nimeambiwa niseme maneno machache ya kuaga usimamizi wa jukwaa. Mlezi alinitumia ujumbe akasema, "Mama, zungumza tu yaliyo moyoni, ila usirefushe." Yaliyo moyoni ni haya: nimechoka. Nalisema mapema, tena kwa sauti, asije mtu akasimama baada yangu kusema mama huyu bado ana nguvu, tumwongezee miaka miwili. Nguvu sina. Mchana nipo dirishani famasi nahesabu vidonge, jioni nahesabu matusi. Mume wangu yule pale ni shahidi wa vyakula vyote nilivyoviacha vikapoa kwa sababu watu wawili wasiojuana walikuwa wanagombana kuhusu mkanda wa cherehani. Nampongeza kwa uvumilivu wake, ingawa naye alikuwa anakula sehemu yangu.

Mnaukumbuka ugomvi wa mafuta? Dereva wa lori, mwenzetu, aliuliza kwa upole kabisa kama anaweza kulainisha cherehani ya marehemu mama yake kwa mafuta ya kupikia. Swali la mstari mmoja. Jibu lake ni "hapana, yataganda." Lakini kabla jua halijazama, watu wazima wenye wajukuu walikuwa wameshatukanana, wameshafika mpaka kwenye koo na mababu, na mmoja ameshatangaza kwamba anahama jukwaa, na mwingine ameshamwambia aende salama. Dereva mwenyewe je, alijibiwa? Hakujibiwa. Akaenda akatia mafuta ya kupikia.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako, dada wa programu, ni kitufe cha kupoza. Mjadala ukichemka, msimamizi akibonyeze, na kila jibu likae pembeni kwa muda wa mtu kunywa chai kabla halijaonekana. Mwandishi akimaliza chai yake na bado anataka kumwita mwenzake mbuzi, basi angalau atakuwa amefikiri. Na liwepo jambo jingine, nusura nilisahau: swali la mwanzo libaki juu kabisa, mbele ya macho ya wote, ili tunapopigana tukumbuke kuna mtu anasubiri.

Maana kusubiri ndiko kulikonileta hapa mbele. Hayo mengine ningeyaandika tu nikajilalia zangu.

Tunaye mwenzetu tunayemwita Mwalimu Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi wa chini. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na ukali wa darasani alistaafu nao. Wangapi humu hajawahi kuwakaripia? Mimi mwenyewe aliniambia mbele ya watu kwamba picha niliyopiga ya cherehani yangu ingemfaa daktari wa macho. Lakini ukiwa umekwama, nani alikuwa anakaa nawe hatua kwa hatua, anauliza, anasubiri picha, anauliza tena, mpaka uandike lile neno tunalofungia kila mjadala, "Imeshona," na kubandika picha ya mshono wako wa kwanza? Ni yeye. Mkewe alipofariki, cherehani ya mkewe ndiyo iliyomfikisha kwetu. Alitaka tu kujua uzi unapita wapi.

Sasa nisikilizeni. Sisi watu wa sindano tuna kawaida yetu. Ukifika mahali kwenye nguo unapotaka kurudi baadaye, unapachika kipande cha kitambaa chekundu, halafu unaendelea na kazi. Kwetu nyekundu ni "hapa nitarudi." Dada yetu wa programu, bila ubaya wowote, alipotutengenezea jukwaa aliweka kibendera chekundu chini ya kila jibu. Alikusudia kiwe cha kushitaki: ukiona tusi, ukiona utapeli, bonyeza. Na akauagiza mtambo kwamba mtu akishitakiwa na watu watano kwa siku moja, afungiwe nje papo hapo.

Hakuna aliyetuambia. Au tuliambiwa kwenye yale maelezo marefu ambayo kila mtu huyakubali bila kuyasoma.

Ikaja siku Mama Pacha aliandika kwamba cherehani aliyoachiwa na mama mkwe wake inaruka mishono. Mama Pacha, kwa wasiomjua, ni mlinzi wa lango la benki. Mchana kutwa amesimama, na akirudi nyumbani raha yake ni kuketi mbele ya ile cherehani. Mwalimu akamshika mkono kama kawaida yake. Akamfungulisha kifuniko cha chini, akamwonyesha ile ndoano inayodaka uzi, akamweleza kwa nini inachelewa kufika. Maelezo yalinyooka hata mimi, nisiyejua hesabu zaidi ya za vidonge, nikaelewa. Mwisho akaandika: "Ukishafungua skrubu zote mbili, usiguse kitu. Ningoje."

Jibu hilo liliwapendeza watu. Watu watano wakataka kulirudia. Wakafanya nini? Wakapachika kitambaa chekundu.

Ndiyo, cheka, fundi wa baiskeli, cheka, lakini bendera mojawapo ilikuwa yako. Siwalaumu. Mliwahi kuona wapi mtu anafukuzwa kwa kusifiwa? Mtambo wenyewe ulimfungia Mwalimu, bila kumwarifu msimamizi, bila kumwambia sababu. Akijaribu kuingia anaambiwa: "Umeondolewa kwa malalamiko ya wanachama." Na ukurasa wa kukata rufaa, dada yangu, uliuweka ndani. Yaani aliyefukuzwa anatakiwa aingie kwanza ndipo alalamike kwamba hawezi kuingia!

Sisi tuliona kimya tukadhani mzee kasafiri. Yeye akaamini kwamba tumemchoka.

Mnajua tulivyokuja kufahamu? Kwenye ukumbi wa wageni, pale kila mwanachama mpya anapojitambulisha na kutaja cherehani aliyonayo, alijiandikisha binti mmoja. Aliandika hivi, nami nayajua maneno yake kwa moyo: "Mimi sina cherehani. Nina baba. Anauliza amewakosea nini."

Nimesoma matusi mengi kwa miaka yangu ya usimamizi. Hakuna lililonitoa machozi. Haya yalinitoa, nikiwa dirishani, na mteja akadhani nimeona kitu kibaya kwenye cheti chake cha dawa.

Nilizikuta zile bendera tano kwenye kumbukumbu za mtambo, nikampigia simu Mwalimu. Nikamweleza habari ya bendera.

"Watano?" akauliza.

"Watano, Mwalimu. Walikuwa wanakusifu."

"Basi waambie wanisifu kidogo kidogo."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamwambia akaunti yake tumeshaifungua, arudi. Akasema, "Mama, nilikaa mbele ya ile kompyuta nikapitia kila nililowahi kuandika, nikitafuta kosa. Na makosa niliyaona. Niliwasema watu vibaya. Waacheni wapumue." Nikabembeleza, wapi! Binti yake ananiambia cherehani ya mama yake sasa imefunikwa shuka, na juu ya shuka kumewekwa vyombo vya glasi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mlezi, maombi yangu mengine hayahitaji utaalamu, yanahitaji utu. Mtambo usimfungie mtu yeyote mlango mpaka binadamu amesoma alichoandika. Anayefungiwa aambiwe ni neno gani, la siku gani, na rufaa iwekwe nje, mahali hata mgeni anaweza kubisha. Kile kibendera kiondolewe chini ya majibu; kushitaki kuandikwe "kushitaki," kwa herufi ambazo sisi wa miwani tunaziona, na tupewe alama yetu ya kurudia mahali, nyekundu kama tulivyozoea. Na wasimamizi wawe watatu wa kupokezana zamu. Msimtwishe mtu mmoja ugomvi wa watu wote kisha mkamshangaa amechoka. Mimi sitakuwa miongoni mwa hao watatu, msinitazame hivyo.

Nimebakiwa na jambo moja, halafu nikae.

Mmeona kuna beseni la bluu chini ya meza hii, limefunikwa kanga. Watu wa ukumbi walitaka kuliondoa, nikawakatalia. Ni la Mama Pacha. Ndani yake mna cherehani ya mama mkwe wake, imefunguliwa tumbo, na skrubu mbili zimefungwa kwenye leso. Tangu siku ile hajaigusa. Wengi walijitolea kummalizia. Fundi wa baiskeli alifika mpaka nyumbani kwake na bisibisi mkononi. Mama Pacha aligoma. Mpaka leo asubuhi cherehani ilikuwa imelala juu ya meza ya chakula, wale pacha wake wamejifunza kula sahani zikiwa magotini, na mume wake ameshaniuliza lini meza itarudi. Mimi nilimuuliza Mama Pacha mara moja tu, kwa nini asikubali msaada. Akanijibu, "Aliniambia nimngoje. Nikimalizia kwa mtu mwingine, itakuwa kweli tumemfukuza."

Mwalimu Bobini yumo humu ndani. Msigeuke wote kwa pamoja, jamani, mtamtisha. Amekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kofia bado kichwani, na binti yake ameniambia waliafikiana kuondoka kabla ya soda.

Mheshimiwa Mlezi, wageni wetu, wenzangu, masikio yenu yamenivumilia muda mrefu kuliko nilivyoagizwa, na kwa hilo nawashukuru, kama ninavyowashukuru kwa miaka yote mliyonichosha. Usimamizi nimeuweka chini. Naenda kukaa na mume wangu nile chakula changu kikiwa cha moto.

Mama Pacha, lete beseni juu ya meza. Washa taa ile.

Mwalimu, skrubu zote mbili zimefunguliwa, na hakuna kilichoguswa. Endelea.