Mwezi wa Mwalimu Nyevu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Eugene, kitindamimba wa Mzee Fondo, nina digrii ya fizikia na sina kazi, kwa hivyo familia imeona ninao wakati wa kuandika haya.

Dada yetu Charity Nyevu Fondo alizaliwa hapa Marafa tarehe 14 Machi 1986, akasoma hapa hapa, akaenda chuo cha ualimu, na mwaka 2009 akaanza kufundisha sayansi Barani, Malindi, ambako tarehe 11 Desemba 2010 aliolewa na shemeji yetu Mangi, wakajaliwa Oliver na Idah.

Mwaka 2019 alianza kutengeneza kipindi cha televisheni cha kuwafunza watoto sayansi, mimi nikishika simu, yeye akieleza kwa nini mafuta ya nazi huganda wakati wa baridi, kwa nini bahari hujaa na kupwa, vipindi kumi na vinne, kila jaribio akilirudia mara tatu kabla hatujarekodi, maana, alisema, mtoto ukimdanganya mara moja umemharibu.

Februari 2021 alivipeleka stesheni moja ya Nairobi, wakamwambia, "Madam, content iko poa, lakini hiyo accent, watoto hawatakuelewa," wakaichukua kazi, wakaweka mtangazaji wao, wakafuta jina lake, na kwenye kipindi cha bahari wakafuta na mwezi unaoyavuta maji, ati maelezo ni marefu, wakasema maji hujaa kwa kusukumwa na upepo. Wanafunzi wake mwenyewe wakaandika upepo kwenye mtihani, na alipowakosoa wakamjibu, "Lakini Mwalimu, TV imesema." Aliandika barua tisa, jina lake hakulidai, alitaka mwezi urudishwe tu. Hakujibiwa hata moja.

Novemba 2024 aliugua figo, akalazwa, na televisheni ya wodi ikarudia kipindi kile kile, akaomba kizimwe, akajiinua kitandani akawaambia wagonjwa wenzake, "Jamani, ni mwezi." Alituacha Alhamisi tarehe 31 Julai 2025.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyeizima ile TV, majirani wa Barani na walimu wenzake. Ninyi wa stesheni mlioleta shada lenye jina lake kwa herufi za dhahabu, limechelewa miaka minne, na barua ya kumi ninayo hapa, mtaipokea kabla ya chakula.

Leo mwezi ni mpevu, kesho bahari itajaa bamvua, wapelekeni watoto wakajionee.

Pumzika, Mwalimu. Ni mwezi.