Mtungi wa Insulini Barazani

Je, nilichojidunga leo ni dawa au ni maji tu? Swali hilo lilininyima usingizi mwaka wangu wa kwanza hapa Garissa. Umeme umekatika tangu asubuhi, friji imegeuka kabati, insulini imepikika humo ndani. Nikiitupa, sina nyingine. Nikiitumia, huenda nisiamke. Nyinyi wenye kisukari wenzangu, mliokusanyika hapa kliniki, mnanielewa.

Ndugu zangu, mimi ni Mtanzania. Nilikuja na digrii yangu kufundisha Kiswahili katika shule ya binafsi, na ugonjwa nikauficha. Niliogopa shule ingenirudisha kwetu. Niliwaogopa hata majirani. Kuogopa ni kazi ninayoiweza kuliko kufundisha.

Na umeme ule niliuchukia, nawaambia kweli. Ulikuja kidogo kama mtu aliyepita kukucheka, ukaondoka. Joto la hapa mnalijua, hata maji ya bomba yanatoka moto. Mwenye nyumba alikuwa na jenereta, lakini waya wake uliishia dukani kwake na kwenye vyumba vya jamaa zake. Nilipomwomba na mimi aniunganishe, alinijibu, "Mwalimu, stima si sadaka."

Basi nikamwomba aniwekee kifurushi changu mahali pa baridi kule dukani. Sikumwambia kina nini. Nilipokifuata, nilikikuta chini ya nyama ya ngamia, kimeganda kama jiwe.

"Umekiharibu!"

"Abaayo, dada yangu, umeomba baridi. Hiyo si baridi?"

Wateja wakacheka. Mmoja akauliza kama kwetu Tanzania hatujawahi kuona barafu.

Insulini ikiganda huharibika, lakini nikaiyeyusha dawa ile, nikajidunga. Ningefanya nini? Kesho yake nikaanguka darasani, mbele ya wanafunzi.

Nilipoletwa hapa, muuguzi wa kliniki hii hakunibembeleza.

"Dawa unaiweka wapi?"

"Kwenye friji."

"Friji ya stima gani? Hii yetu?"

Alinifokea hadi akachoka, kisha akanionyesha mtungi wa kupoza dawa bila umeme: chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu. Ila ukae kivulini, penye upepo. Chumbani kwangu hakuna upepo. Upepo uko barazani, na baraza ni la yule yule mwenye nyumba.

Namshukuru muuguzi huyo, pamoja na makelele yake yote. Namshukuru dada mmoja aliyeketi hapa, aliyenigawia insulini yake wakati yangu imeharibika, naye hata jina langu halijui. Nililojifunza ni hili: usimwombe mtu akutunzie uhai wako huku unamficha ni kitu gani umempa.

Kwa sababu siku niliyouweka mtungi barazani, mwenye nyumba aliusukuma kwa mguu. "Toa takataka hii, inalowesha njia. Hapa si kwenu."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya adabu kichwani, nikayapanga na kuyapangua. Yote yakanitoka. Nikapaza sauti, vyumba vyote visikie:

"Nina kisukari! Humu mna insulini. Ukiiharibu tena nitafia hapa barazani kwako, na wewe ndiye utakayewaeleza watu."

Milango ikafunguka. Akatazama huku na huku.

"Wallahi, mbona hukusema?"

"Nimesema sasa."

Nikaurudisha mtungi mahali pake, nikaumwagia mchanga maji, nikaketi kando ya mtungi mpaka bwana huyo alipoondoka.