Bei ya Baridi, Ubaoni

Benchi letu limeegemea ukuta wa nyumba ya mjomba wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Pasi kwa sababu hunyoosha nguo za watu hapo mlangoni pake tangu asubuhi. Juu ya vichwa vya wanaokaa umepigiliwa ubao mweusi, mpana, ambapo Katibu, karani mstaafu, huandika matokeo ya mpira. Wiki hii mpira ulifutwa, ikaandikwa bei ya kiyoyozi. Bibi yangu, mama yake Pasi, amelala kitandani nyuma ya ukuta huohuo tangu upande wake wa kushoto ulipokataa kazi. Juu yake ni bati tupu. Juzi alizimia. Daktari alisema apate hewa, maana mwezi ujao joto litazidi na moyo wake hautavumilia mara ya pili. Alisema hewa. Benchini neno lilifika likiwa kiyoyozi, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena.

Katibu: Mashine laki tisa. Bomba la shaba, laki moja. Waya mnene, kwa sababu huu wa nyumbani utayeyuka, laki na nusu. Chuma cha kuibebea nje, elfu sitini. Fundi, laki. Bomba, laki. Jumla milioni moja, laki nne na elfu kumi.

Pasi: Shati moja napiga kwa mia mbili.

Katibu: Mashati elfu saba na hamsini.

Pasi: Nimeshahesabu. Na kola zake.

Kinyozi: Na hapo haijawashwa, ndugu yangu. Ukiwasha, mita inakimbia kama imesahau kitu nyumbani.

Pasi: Kuna mtu anakuja jioni kuangalia meza na pasi zote mbili. Akizipenda anachukua.

Kinyozi, ambaye huacha wateja na sabuni shingoni ili aje kubishana, aliweka kikombe chini.

Kinyozi: Uuze pasi. Halafu huo umeme utaulipa na nini?

Pasi: Kwani wewe mama yako angekuwa humo ndani ungeuza nini?

Kinyozi alirudia kikombe chake.

Katibu: Tusigombane sisi. Adui ni wenye viwanda. Mashine inatoa baridi ndani, joto inalitemea nje, si ndiyo? Jirani anaivishwa, naye ananunua yake. Mashine moja inauza ya pili.

Kinyozi: Na bati nani alituuzia? Walewale. Miaka ishirini wametupika taratibu, sasa wanaleta dawa.

Katibu: Umeona sasa.

Kinyozi: Mimi ningewakomesha. Chimba chini ya kitanda, mita tatu. Ardhi ni jokofu la bure.

Mimi: Unataka kumchimbia mama wa mtu shimo chini ya kitanda chake?

Kinyozi: Nimesema kitaalamu, Wakili.

Wananiita Wakili tangu nilipoanza midahalo ya chuo, nusu kwa sifa, nusu kwa kuninyamazisha.

Katibu: Basi tuseme ukweli, tuko watu wazima. Mashine hudumu miaka kumi. Mgonjwa ana themanini na moja. Mtu akae, apime.

Mimi: Apime nini, mzee? Agawe bei kwa miaka iliyobaki? Ulipostaafu, nani alikaa kwenye benchi hili akakupigia hesabu hiyo?

Katibu: Binti, usinivunjie heshima.

Mimi: Heshima yako umeivunja mwenyewe, tena kwa chaki.

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilitufikia kabla Pasi hajainua mkono. Shati jeupe, alama ya pasi mgongoni. Sijawahi kumwona mjomba akiunguza nguo ya mtu. Alilikunja kwa uangalifu, kana kwamba bado lingeweza kurudishwa kwa mwenyewe.

Hapo ndipo fundi wa viyoyozi alipofika, mama wa makamo mwenye ngazi begani. Alisalimia wakubwa, akaingia ndani na utepe wa kupimia. Tulisikia kabati likiburutwa. Alipotoka, gauni lilikuwa limemganda mgongoni.

Fundi: Nyuma ya kabati kuna dirisha. Nimelisukuma halifunguki. Kwa huku nje liko wapi?

Hakuna aliyegeuka. Watu wazima watatu na msomi mmoja, sote tukatazama barabarani.

Fundi: Jamani, naulizia dirisha.

Pasi akainuka, akachukua nyundo chini ya meza yake. Tukasimama, benchi likasogezwa. Msumari wa kwanza ulitoka kwa kilio, iliyobaki ikafuata. Ubao ukashushwa na bei zake zote, na nyuma yake palikuwa na nondo nne na mbao mbili za dirisha, zimeota ukungu. Fundi akazivuta.

Joto lililotoka humo lilitupiga usoni, zito, lenye harufu ya dawa. Lilikuwa limekaa miaka sita. Mwanga ukaangukia kitanda, karibu kiasi cha mtu kunyoosha mkono na kumgusa Bibi. Alijifunika macho kwa mkono wake mzima.

Bibi: Katibu.

Sauti ilikuwa ndogo, kila neno likija peke yake.

Katibu: Naam, mama.

Bibi: Bomba. Umelihesabu. Mara mbili.

Katibu alitazama ubao uliolazwa chini. Ilikuwa kweli. Na kama Bibi alilisikia bomba, aliisikia na ile miaka kumi.

Fundi alikuwa anakunja utepe wake.

Fundi: Mwekeeni dari chini ya bati, na hili libaki wazi usiku na mchana. Mkiona bado, niiteni nije kupima mashine, sikatai kazi. Ila niambieni kitu kimoja. Dirisha la mgonjwa mliliziba kwa nini?

Ningeweza kujitetea kwamba wakati ule Bibi hakuwa ameugua, na ni kweli. Alikuwa akikaa hapo dirishani na kutuchangia hoja, na siku aliyomshinda Katibu mbele ya wageni, ikaamuliwa kwamba benchi linahitaji ubao wa matokeo. Kwa muda tu, mpaka ligi iishe. Kinyozi alijipangusa mikono isiyo na sabuni. Pasi alibaki na nyundo. Kahawa ilipoa vikombeni, na fundi bado alisubiri, akinitazama mimi, kana kwamba alijua ndimi ninayeitwa Wakili.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Misumari niliishika mimi, nikimpa mjomba mmoja baada ya mwingine.