Siku Niliyokaa Kwenye Benchi la Mawakili

Ndugu zangu wanafunzi wa sheria, na walimu wetu, habari za mchana. Programu inasema niongee kwa Kiingereza, dakika kumi na tano, kuhusu safari yangu ya kutetea umma. Nitaongea Kiswahili, na nawaambia mapema kwamba nimekuja na hasira. Msinipigie makofi kabla hamjasikia.

Miaka sita iliyopita nilikuwa kwenye ukumbi huu huu, kwenye kikao kama hiki, nimeketi mnapoketi. Nilikuwa nimeazima suti nyeusi kwa jirani yetu wa Makongeni. Wakili mmoja mashuhuri akatueleza kwamba Katiba ni ya mama anayeuza barabarani, na sote tukaandika. Kabla ya chakula simu yangu ikalia. Mama yangu, ambaye huuza nguo za watoto karibu na soko la Muthurwa, hapa Nairobi, alikuwa amekamatwa kwa kuuza mahali pasiporuhusiwa, na mchana huo angefikishwa kortini.

Nilimfuata yule wakili mezani nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akanipa kadi yake, akaniambia nimwandikie barua pepe wiki ijayo. Wiki ijayo, ndugu zangu.

Nikaenda mwenyewe, na hapa nakiri kosa langu. Nilipoingia kortini nilipita viti vya watu nikaenda kuketi kwenye benchi la mawakili, kwa sababu nilikuwa na suti na nilikuwa nimetoka kusikia maneno matamu asubuhi nzima. Mama aliposimama kizimbani, nami nikasimama. Nikaanza kuitaja Katiba kwa kichwa, habari ya utu wa kila mtu. Hakimu aliniacha nimalize sentensi mbili.

"Wewe ni wakili?"

"Mimi ni mwanafunzi, mheshimiwa."

"Basi unafanya nini hapo?"

Watu wakacheka. Jina langu likaandikwa, na askari akanishika mkono kunitoa nje. Mama aliona natolewa akadhani naenda kufungwa. Alipoulizwa kama shtaka ni kweli, akasema ni kweli, ili mambo yaishe atoke akanitafute. Faini hatukuwa nayo. Alilala jela siku saba.

Habari ikafika chuoni, nacho chuo kikanisimamisha masomo mwaka mzima. Chama cha wanafunzi kilichoandaa kikao, hiki chenu, kikaandika barua kusema hakinijui. Hakinijui mimi, niliyepanga viti vya ukumbi huu asubuhi ile. Barua hiyo ninayo bado, na bado inaniuma.

Kwa wiki nyingi sikutoka nyumbani. Niliona aibu hata kula meza moja na mama. Halafu akaja mama mmoja wa kanisa letu, ambaye alifagia korti miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilidhani amekuja kuniombea. Akavuta kiti.

"Ulimuuliza mama yako anataka kusema nini?"

"Hakukuwa na wakati, mama."

"Wa kusema Katiba uliupata. Sikiza, mwanangu. Mimi nimefagia pale nikisikia. Hao akina mama hukubali makosa juu ya kutaka kurudi kwa watoto. Hakuna mtu huwaambia wanaweza kukataa. Sasa wewe umesoma, na ukaenda kumnyamazisha wako."

Nilimkasirikia mpaka nikalia, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Jumamosi iliyofuata tukaanza kukutana na akina mama wachuuzi kwenye ukumbi wa kanisa, kufanya mazoezi ya korti. Yeye alikaa kiti cha hakimu, akina mama wakapanga foleni, na mmoja mmoja akajifunza kusema, "Si kweli, mheshimiwa, na nataka kumsikia shahidi." Wengi walinong'ona. Akawa anawaambia, "Sisikii. Rudi nyuma uanze tena." Mimi nilieleza sheria nilipoulizwa tu.

Kabla mwaka haujaisha mama alikamatwa tena. Safari hii niliketi na watu, nimefunga mdomo. Mama aliyasema maneno yote. Shahidi wa mashtaka hakuja siku ya kwanza, hakuja ya pili, na kesi ikafutwa. Kushinda kesi yoyote tangu niapishwe kuwa wakili hakujanifurahisha hivyo.

Namshukuru yule mama wa kanisa. Nawashukuru akina mama wa Jumamosi, walionivumilia. Chama hiki kinanitangaza leo kama mtu kiliyemlea, na hilo nalikataa mbele yenu. Mkitaka kweli kazi hii, muulizeni mtu anataka kusema nini kabla hamjafungua kinywa. Na simu ya mtu aliyekamatwa ikija saa ya chakula, acheni sahani mwende.

Zimebaki dakika tano. Mama yangu nimekuja naye, yuko pale nyuma, na kwenye programu yenu hayumo. Asubuhi nilimuuliza kama ana la kuwaambia. Amesema analo. Mama, njoo mbele. Mimi nakaa chini.