Mama Spana na Pedeli ya Tatu

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko kazini, na wewe uliyeegesha gari pembeni ili utusikie vizuri, asanteni kwa kututegea sikio. Leo tunamkumbuka fundi wa magari. Mtaani aliitwa Mama Spana. Familia imeniomba nimwite hivyo hivyo, maana wanasema ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho, angegeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Mama Spana amefariki dunia. Amefariki nyumbani kwake, usingizini, na watoto wake wameshamzika.

Alikuwa fundi stadi, na magari aliyoyatengeneza ni mengi. Mimi nitawasimulia moja tu. Aliondoa kitu kwenye gari la mumewe bila kumwuliza, kisha miaka yake ya mwisho akaimalizia kukitafuta ili akirudishe.

Gereji yake ilikuwa uani. Bati juu, ukuta upande mmoja, sakafu ya saruji iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi kama chungu. Hakuwa na shimo la kuingilia chini ya gari. Alitandika boksi, akalala chali, akajisukuma kwa visigino mpaka akazama, nje vikabaki viatu vyake. Ukiwa na shida, uliongea na viatu.

Binti yake anauza kwenye duka la dawa. Ameniambia hivi: "Mimi nimelelewa na viatu. Nikitoka shule nasema, shikamoo viatu. Vinajibu, marahaba, chakula kipo jikoni, nawa mikono."

Mumewe alikuwa dereva. Alikuwa na gari jeupe la kizamani, taa za mviringo, milango inayofungwa kwa sauti nzito kama ya kabati la mninga. Alibeba maharusi. Kila Jumamosi gari hilo lilifungwa riboni, na yeye akavaa suti yake ileile. Watu wakamwita Bwana Harusi. Mama Spana alikuwa akisema, "Mume wangu huoa kila wiki, na kila wiki anarudi kwangu kula."

Lilikuwa gari la gia za mkono. Nalirudia hili kwa sababu ndilo kiini cha habari yetu: gia za mkono, pedeli tatu. Mafuta, breki, na ile ya kushoto, klachi. Klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto.

Ugonjwa wa sukari ulimwanzia Bwana Harusi kwenye kidole, ukapanda. Alilazwa. Madaktari wakaukata mguu. Mguu wa kushoto.

Wasikilizaji wapendwa, fikirini mke ni fundi, mume ni dereva, na mume amepoteza mguu wa klachi. Mama Spana hakulia mbele ya watu. Alirudi kutoka hospitalini, akatandika boksi. Alitaka mumewe akitoka akute gari lisilouhitaji mguu ule. Alitafuta giaboksi ya otomatiki, akaitia. Aling'oa pedeli ya tatu. Akaziba tundu lake kwa kipande cha mpira.

Aliyemsaidia ni jirani yake, fundi wa kuchomelea, mnayemjua wengi wenu kwa jina la Cheche. Cheche anasema, "Nilimwambia, dada, mngoje mwenyewe atoke. Akaniambia, mdogo wangu, wewe choma, maneno tutayala kesho."

Akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Mama Spana akampa vyote: giaboksi ya zamani, pedeli, na vyuma vinavyoiunganisha pedeli na klachi. Vyote. Bwana Harusi alikuwa bado wodini.

Siku aliporudi, walimshusha kwa magongo. Mama Spana alikuwa amelipiga gari nta mpaka unajiona sura. Bwana Harusi akafungua mlango wa dereva. Akatazama chini. Akaona pedeli mbili. Akaendelea kutazama, binti anasema, mpaka kuku wakaanza kupita katikati yao.

Kisha akasema, "Umenizika mguu, mama watoto, na mimi sijauaga."

"Nilitaka kukurahisishia."

"Najua," akasema. Hawakulizungumza tena maisha yao yote.

Aliliendesha gari lile. Alibeba maharusi kama zamani. Suruali yake upande wa kushoto ilikunjwa na kufungwa kwa pini. Lakini Mama Spana, akiwa amekaa pembeni yake, aliona jambo. Kila gari lilipobadilisha gia lenyewe, ile suruali iliyokunjwa iliinuka kidogo, ikashuka. Iliinuka, ikashuka. Siku moja akamwuliza, "Mguu unakuuma?"

"Hauniumi," Bwana Harusi akamjibu. "Unatafuta."

Alifariki baada ya miaka michache. Gari likabaki uani, chini ya turubai.

Ikaanza sauti. Mchana, uani kukiwa kimya, wateja wameondoka, ilisikika kutoka ndani ya gari: tiki. Ndogo. Kama pedeli iliyokanyagwa ikaachiwa, ikarudi mahali pake. Binti aliisikia. Cheche aliisikia pia, ingawa alianza kwa kuniambia kwamba yeye si mtu wa kusikia vitu.

"Nilimwambia mama, ni chuma kinapoa," binti anasema. "Akaniambia, kweli, mwanangu, chuma hupoa. Lakini gari hili halijawashwa tangu mwezi uliopita. Linapoa kutoka wapi?"

Cheche yeye alisema ni panya. Mama Spana akamjibu, "Basi panya huyo amesomea udereva."

Walicheka. Lakini tangu siku ile Mama Spana aliamua. Atalirudisha gari kwenye gia za mkono. Pedeli tatu, kama mwenyewe alivyoliacha siku aliyokwenda hospitalini.

Giaboksi aliipata, kwenye teksi iliyokufa. Pedeli aliipata. Kilichokosekana ni chuma kimoja. Kwenye magari ya kizamani kama lile, kuna chuma kinachokaa kati ya injini na chesi, yaani fremu ya gari. Kina mkono mrefu na mkono mfupi. Mguu ukikanyaga, chuma hicho hupokea nguvu ya pedeli na kuipeleka kwenye klachi. Cheche alikipa jina. Alikiita mshenga, kwa sababu kinabeba ujumbe wa huyu kwa yule. Bila mshenga, pedeli na klachi hawasemezani.

Na mshenga wa gari lile hakuwepo. Kiwanda kilikwisha acha kutengeneza vyuma hivyo. Wenye maduka ya vipuri walimtazama kama mtu anayeuliza bei ya jana. Alikwenda kwenye majalala ya magari, akalala chini ya kila gari lililofanana nalo, akaamka na kutu kwenye nyusi. Hakuna.

Cheche akamchongea kimoja. Akakichomelea vizuri, akakipaka rangi. Walipokifunga na kukanyaga, kikapinda. "Si kwamba nilikosea," Cheche anasema. "Mguu una nguvu, ndugu yangu, tunaudharau."

Kisha akapatikana muuzaji wa mbali, kwa simu. Anavyo vyuma hivyo vya aina mbili, akasema: vya magari yenye usukani kulia, na vya usukani kushoto. Havina alama, ila vinageukiana kama mkono na mwenzake. "Niambie, mama, ukikitazama, mkono mrefu uko upande gani?"

Mama Spana akafumba macho, akauona. Akamjibu bila kusita. Wakangoja kifurushi muda mrefu sana. Kilipofika, kilikuwa cha upande usiotakiwa.

Alikaa chini na chuma kile mapajani. Akakigeuza, akakigeuza tena. Ndipo akaelewa. Maisha yake yote alikuwa amekiona chuma hiki akiwa amelala chali, kwa chini. Muuzaji alikuwa amesimama, anakitazama kwa juu.

"Aliniambia, mwanangu, nimeishi chini ya magari mpaka kushoto kwangu kumekuwa kulia kwa watu," binti anasema. "Akacheka. Kisha akaniuliza, unadhani hata baba yako nilimtazama hivyohivyo?"

Na uani, anasema, ikasikika: tiki.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nisikilizeni kwa makini. Zipu ya ovaroli ya Mama Spana iliharibika. Akaipeleka kwa mshonaji, mwanamume wa makamo mwenye chumba kimoja na cherehani ya miguu. Akakaa kwenye benchi kungoja. Cherehani ikawa inalia. Mama Spana akawa anatazama miguu ya yule mshonaji ikikanyaga, inapanda, inashuka.

Kisha akashuka kwenye benchi, akalala chali sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Mama, umeanguka?"

"Sijaanguka, baba. Endelea kushona."

Mshonaji akaendelea kidogo, kwa adabu. Lakini nani anaweza kushona na mama wa watu amelala chini ya cherehani yake? Akasimamisha miguu.

"Hiki chuma kilichobeba kikanyagio," sauti ikatoka chini, "umekipata wapi?"

"Kwa mtu wa vyuma chakavu. Cha kwanza kilivunjika. Hiki hakivunjiki, mama, hiki kitanizika mimi."

"Ni cha mume wangu."

"Mume wako alikuwa mshonaji?"

"Alikuwa Bwana Harusi."

Mshonaji ameniambia mwenyewe kwamba hapo alianza kuutazama mlango.

Lakini kilikuwa chenyewe. Si mfano wake. Chenyewe. Kwenye mkono mrefu kulikuwa na ufa wa zamani uliozibwa kwa shaba, na aliyeuziba ni Mama Spana kwa mkono wake, enzi Bwana Harusi akiwa na miguu miwili. Alipitisha kidole pale, kwenye kovu la shaba, akiwa bado amelala. Miaka yote ile alikuwa anakitafuta mbali, nacho kilikuwa mtaa wa pili, na mguu wa mtu ulikuwa unakikanyaga kila siku.

Aliinuka, akajipangusa nyuzi. Mshonaji akasema, "Ukikichukua, watoto wangu watakula nini?"

Mama Spana akasema, "Sijakichukua, baba. Nakuuliza. Ukikataa, nitavaa ovaroli yangu niende."

Mshonaji akafikiri. Akasema ana sare za shule za kumaliza, asingoje leo wala kesho. Mama Spana akasema atangoja. Na akangoja. Sare zilipokwisha, Cheche akaleta kile chuma chake kilichopinda, akakinyoosha, akakifunga chini ya cherehani. Kwa cherehani kilitosha kabisa. Mpaka leo kinafanya kazi, na Cheche ameniomba nilitangaze hilo. Nimelitangaza.

Siku ya kukifunga chuma garini, binti alikaa kiti cha dereva. Mama yake alikuwa chini ya gari, viatu nje.

"Kanyaga," viatu vikasema.

Akakanyaga.

"Achia."

Akaachia. Pedeli ya tatu ikarudi mahali pake. Chini ya gari kukawa kimya, na kimya kile kikaendelea mpaka binti akaogopa, akaita, "Mama?"

"Nipo," akajibu. "Tulia hapo hapo. Usikanyage tena. Mwache baba yako naye akanyage."

Binti akatoa miguu yake, akaikunja kitini kama mtoto. Hakuona kitu, anasema. Hakusikia kitu. Lakini hakuthubutu kuirudisha chini mpaka mama yake alipotoka, uso mweusi kwa oili, na mistari miwili myeupe iliyoshuka mpaka kidevuni.

Gari liliwaka. Lilizunguka mtaa mzima, na watu walipiga makofi.

Ungedhani hapa ndipo habari inapoishia, mpenzi msikilizaji. Mimi pia nilidhani hivyo, nikaanza kuaga. Binti akanishika mkono, akasema, kaa.

Tangu siku ile, sauti haikusikika tena. Wiki ikapita, na nyingine. Uani kukawa kimya kabisa. Mama Spana akaanza kuacha kazi mchana. Anafungua mlango wa gari, anakaa kiti cha abiria, mikono mapajani, anatazama pale chini, upande wa dereva. Wateja wakija, anawaambia warudi baadaye.

"Nilimwuliza, mama, si umemaliza kazi? Unangoja nini?"

Mama Spana akamwambia, "Nilitaka anisamehe. Sikujua kwamba akishanisamehe ataondoka."

Hayo ni miongoni mwa maneno ya mwisho ambayo binti yake aliyasikia kuhusu gari lile. Mama Spana, fundi wa magari, alifariki baada ya muda si mrefu.

Kwa binti yake, kwa ndugu zake wote, kwa Cheche aliyempoteza dada, kwa mshonaji aliyekubali kuombwa, sisi sote hapa studioni tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awape subira, na ampe fundi wetu mapumziko.

Na sisi tuliobaki. Huenda sasa hivi unaye mtu wako hospitalini, au safarini, na vitu vyake viko mikononi mwako. Unataka kumrahisishia. Unampenda. Nenda kwanza kitandani kwake, au mpigie, umwulize. Ni swali dogo, halichukui hata muda wa kuchemsha maji.

Huenda hata Bwana Harusi angekubali. Binti yake anaamini angekubali, tena kwa kicheko. Mama Spana alitamani sana kulijua hilo, akarudisha kila kitu mahali pake, na bado hakuna chuma kilichoweza kumjibu.