Dakika Sita Zilizobaki kwa Kaseti ya Wazungu wa Roketi

Wewe mwenye kusoma hii, ulishaomba kazi kwa musiki? Mimi niliomba. Licencié en physique, digrii kamili ya fizikia, miaka tatu nakula kwa mama, barua kumi na moja kwa biro za serikali kumi na moja, na hata moja haikurudishiwa ile "tumepokea" ya bure. Basi asubuhi moja ya mwaka sabini na nane nilikuwa kwenye benchi ya Mama Léonie, muuza kahawa, mbele ya gare ya treni ya Kalemie. Papa Barnabé, mupishi wa wale wazungu wenye kurusha roketi upande wa mto Luvua, alikuwa anarudia kazini na treni ya saa tano. Alituambia ingénieur, injinia wao mukubwa, anapenda rock ya anga: gitaa inavutwa kama lastiki, kinanda kinalia kama upepo wa ziwa, na mwimbaji anafika wakati watu wamekwisha kusahau kama atafika. Papa Barnabé alikubali kumuwekea mezani, karibu na supu, kaseti yangu ya kuombea kazi. Nyimbo tulikuwa nazo, za mwalimu Mubelgiji aliyekwenda zake, lakini bila mifuko ya diski yenye kuandikwa majina. Majina tulizipa sisi. Dakika hamsini na ine zilikwisha kujaa. Zilibaki sita, na zile sita njo zilileta vita.

— Weka ule wimbo Kompresa, alisema Amplificateur, fundi wa radio, mashine mbili zimefungwa waya juu ya mapaja yake. Kompresa iko na bass. Muzungu akisikia bass, anasaini.

— Kompresa ni dakika kumi na moja, we fundi! nilisema. Nikate wapi?

— Unakata pale inachosha.

— Inachosha tangu mwanzo, alisema Apollo.

Apollo ni Sébastien, mutoto wa avenue yetu. Jina alilipata kwa kuapa kwamba aliona roketi kwa macho yake akiwa Nyemba, kilometa karibu mia mbili kutoka pale inaporushiwa.

— Weka Frigo ya Mungu, alisema. Wimbo wa pole, baridi. Ile roketi ya mwisho ilipanda vizuri, halafu ikapinduka kama mulevi. Sababu? Walipiga wimbo wa mbio. Mwenda pole hajikwai, wahenga walisema juu ya roketi.

— Walisema juu ya kutembea, mon cher, nilisema.

— Na kuruka ni nini? Ni kutembea pasipo chini.

— Roketi iko na masikio?

— Na antena ni nini, Licencié? Pete ya ndoa?

Amplificateur aliinama, akashusha sauti kama muntu wa siri.

— Mumuache. Mimi nitawaambia ukweli. Ndani ya ile chuma hakuna petroli. Ni bass. Wanapanga maboksi makubwa chini, wanafungua volume mpaka mwisho, chuma inajinyanyua. Ngoma ikivuma sana hupasuka: njo ule moshi.

— Basi naacha Frigo, weka seben, ile sehemu ya rumba ya kuchezesha watu! Apollo alisimama. Anga ni nini? Ni seben yenye haina mwisho. Tumupe gitaa za kwetu, muzungu acheze, asahau hesabu, aulize: nani alituma?

— Akisahau hesabu, roketi itakuangukia wewe Nyemba, nilisema.

Mama Léonie alikuwa anakoroga tangawizi.

— Ninyi munajisumbua. Weka kantiki ya kwaya yetu. Kule juu kuko Mwenyewe. Munapita mu lupango, mu uwanja wa muntu, bila hodi?

— Mama, hii ni science, nilisema.

— Science haipigi hodi?

— Assez, inatosha! Nilipiga benchi mpaka kikombe kikamwagika. Hamuoni treni wamekwisha kufunga mabehewa? Sikusoma thermodynamique miaka tano ili Apollo anichagulie bahati. Natafuta wimbo wenye utamwambia ule muntu: huyu anajua kwa nini kitu kinapanda, na anajua kwa nini kinaanguka.

— Na ni wimbo gani unasema vile? aliuliza Amplificateur.

Papa Barnabé alifunga kamba ya kifurushi chake.

— Mimi nabeba tu. Lakini upesi, batri za hizi mashine zitakufa.

Pale mwanamuke mumoja alikaa kwenye ncha ya benchi na kitunga cha samaki wa moshi. Alijitaja: Emerance, wa Ankoro, kule kule Luvua, ameshuka treni juzi. Aliomba kahawa, akatusikiliza, akamugeukia mupishi.

— Samahani, Papa. Kule kambini kuko mutoto wetu hata mumoja mwenye kazi yake ni kushika kalamu?

— Kuko wenye kubeba tanki. Kuko wachimbaji. Walinzi.

— Nimeuliza kalamu, Papa.

Papa Barnabé alifungua mukono wa kushoto ili ahesabu. Alishika kidole kidogo, akakiachilia bila jina.

— Mimi mwenyewe nilikuwa monitor, mwalimu wa shule, alisema Papa Barnabé bila kuulizwa.

Treni ilipiga filimbi.

— Sasa? Kompresa ao Frigo? Fundi alikuwa karibu kulia.

— Toa waya, nilisema. Leta micro.

— Unataka kuimba?

— Nataka kurudia lile swali la kalamu. Leta!

Apollo alishika mukono wangu.

— Licencié, ukitaja wakubwa ile kaseti itakupeleka gereza. Weka hata kantiki ya Mama.

Nilimuangalia Papa Barnabé. Angekataa, ningemuelewa, ako na watoto sita. Alisimama, kifurushi begani.

— Sema mbio. Nitaiweka karibu na supu vile vile.

— Atasikia nini? Muzungu hajui Kiswahili, alisema Amplificateur.

— Atafute mukalimani, nilisema. Sisi tumeutafutia wimbo wake maana asubuhi nzima.

Nilifinya kifungo chekundu.

— Ni mimi Ngoy Kabange, licencié en physique, wa Kalemie. Ingénieur, na ninyi citoyens, wakubwa wa serikali wenye mulisaini karatasi ya kuwapa wazungu udongo wa Luvua, sikieni. Bandikeni kwa mulango wa biro ya Zone, hapa na kule Manono karibu na kambi, majina ya watoto wa hii inchi wenye mumewaajiri kwa akili yao, si kwa mabega. Jina, diplome, kazi. Na kama orodha ni tupu, bandikeni ile karatasi tupu, mutie sahihi chini, na cachet, ule muhuri wa biro.